Kalibu za risasi za marehemu: nani apange bei Kalerwe?

Kwa Kiswahili, risasi ni madini, na ndicho pia kitokacho mtutuni. Kwa mrithi wa Kalerwe aliyeachiwa kalibu na chungu cha kuyeyushia, tofauti hiyo ni nzito. Madini huuzwa kwa kilo hata kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Kalibu ni shauri jingine: Sheria ya Silaha ya Uganda ya 1970 hairuhusu kutengeneza risasi bila leseni, kwa hiyo bora kuanzia polisi kabla ya sokoni. Hata madini yasubiri msimamizi wa mirathi aidhinishwe. Pasipo wosia, marekebisho ya 2022 yanampa mjane asilimia 20, watoto 75. Mwana anayeuza upesi alipie matanga huuza pia fungu la mamaye.