Ombi letu lianzie hapa Kisangani

Mwandishi, umesema vema juu ya makaa na mbao zinazotoka Bafwasende na Ubundu, ila sikubaliani na wazo la kungoja Kinshasa ichukue hatua. Kifungu cha 203 cha Katiba ya 2006 kinaweka ulinzi wa mazingira, pamoja na maji na misitu, mikononi mwa serikali kuu na majimbo kwa pamoja. Kifungu cha 27 kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka, peke yake au pamoja na wenzake, na mamlaka ijibu ndani ya miezi mitatu. Miezi mitatu tu! Inasikitisha kuona haki hiyo ikitumika kwa nadra hivi.

Najua nitaambiwa kwamba sheria ya jimbo hubatilika ikigongana na ya taifa. Kifungu cha 205 ndivyo kinavyosema, lakini kukamilisha sheria si kuipinga. Wengine watasema karatasi haizuii msumeno. Tutazame basi misitu ya jamii: amri ya 2014 inaruhusu jamii kupewa hadi hekta 50,000, bila kikomo cha muda, na anayetia sahihi hati yake ni gavana wa jimbo. Mwanakijiji wa jamii yenye hati hiyo anaweza kumdai mkata mbao kibali chake. Asiyekuwa nayo hubaki kulalamika. Kwa hiyo, Bunge la Jimbo letu la Tshopo liombwe kwanza jambo linalopimika: orodha ya vibali vyote vya kukata mbao ibandikwe katika makao ya kila teritwari, kwa Kiswahili na Kilingala.