Mahindi ya kula tusiyauze
Ba mama na ba baba wa koperative, Zambia ikikosa mvua kama mwaka 2024, sisi wa Lubumbashi tunaisikia ndani ya sahani. Kwangu tuliacha kununua unga kwa mfuko, tukanunua meka moja moja. Bukari tukaichanganya na unga wa muhogo. Watoto walinung'unika, kisha wakazoea. Samaki siku ya Mungu tu, siku zingine sombe na lengalenga. Lakini kula mara moja kwa siku, hapana: mtoto haendi masomo na tumbo tupu.

Kinachoniuma, mahindi tulikuwa nayo! Mwezi wa tano tuliuza yote, mwezi wa kwanza tukayanunua tena kwa bei ya juu. Safari hii kila nyumba itenge kwanza mifuko yake ya kula. Na feza ya masomo itatoka wapi? Tuizungumze kwenye mkutano, kabla mnunuzi hajafika na mizani yake.