Soksi za Kubana si Anasa, na Miguu ya Dada Zetu si Kichekesho



Ndugu Waislamu, wazazi na wanafunzi wetu wa Hai Amarat na Juba yote,

Yako maradhi yaitwayo lipedema, nayo huwapata takriban wanawake peke yao. Mafuta hujikusanya sawasawa katika miguu yote miwili, kuanzia nyonga hadi vifundoni, lakini nyayo hubaki kama zilivyo. Mguu huuma ukiguswa tu, na huvilia damu kwa kugongwa kidogo. Mara nyingi huanza msichana anapobaleghe, au wakati wa mimba, tena huandama ukoo. Madaktari Allen na Hines wa Mayo Clinic, Marekani, waliyaeleza mwaka 1940.

Dawa ya kuyaondoa kabisa haijapatikana. Soksi na suruali za kubana za kitabibu, zinazovaliwa asubuhi na kuvuliwa usiku, haziondoi mafuta, lakini huwapunguzia wengi maumivu na uzito wa miguu. Hata hivyo tunasikia maneno matatu ya kuwazuia dada zetu, na yote tunayakataa.

Kwanza: “Amezidi kula.” Si kweli. Mwenye lipedema akijinyima chakula hupungua kiuno na uso, miguu ikabaki vile vile. Wanaomcheka wakumbuke kisa cha Ibn Mas’ud (r.a.), alichokipokea Imam Ahmad. Maswahaba waliicheka miguu yake kwa wembamba, na Mtume (s.a.w.) akawaambia kuwa katika Mizani ni mizito kuliko mlima Uhud. Ikiwa mguu mwembamba haukuruhusiwa kuchekwa, mnene umeruhusiwa na nani?

Pili: “Ni matende.” Matende huletwa na minyoo inayoenezwa na mbu, na aghalabu mguu mmoja huzidi mwingine, na unyayo nao huvimba. Lipedema haiambukizi. Na hata mwenye matende hastahiki kukimbiwa.

Tatu: “Mwanamke wa Kiislamu havai nguo ya kubana.” Ndugu zetu, kilichokatazwa ni kuwadhihirishia watu umbo. Soksi hizi huvaliwa ndani, juu yake buibui au tobe pana. Ni tiba kama bendeji, na Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu. Zinazoishia juu ya kifundo hazizuii udhu. Zinazofunika unyayo zivuliwe wakati wa kutawadha, na anayeshindwa kuzivua amuulize mwanachuoni, wala asiache tiba wala Swala.

Tunajua joto la Juba. Machi 2024 serikali ilifunga shule kwa sababu yake. Anayevaa soksi hizi katika jua hilo anafanya subira kubwa, basi tusimwongezee mzigo wa maneno.

Kwa hiyo tunawaambia akina baba na waume: gharama hii ni katika matunzo yenu, si anasa. Msinunue yoyote sokoni kwa kukisia. Mguu upimwe, kwani isiyo na kipimo chake huumiza. Mwenye kisukari au ugonjwa wa mishipa amwone daktari kwanza. Na sisi walimu tuweke viti darasani na upande wa wanawake msikitini, kwani asiyeweza kusimama sheria imemruhusu kuswali ameketi.

Binti akiacha madrasa kwa kuchekwa miguu, dhambi hiyo ni yetu tulionyamaza.

Wabillaahi tawfiiq.