Siku Moja katika Msitu wa Pugu, na Ngitili Zetu za Kimali



Juma lililopita sikuwa pamoja nanyi. Nilikuwa Dar es Salaam kwa shughuli ambazo nimekwisha kuzieleza kanisani, na ikatokea nikabakiwa na siku moja nzima kabla ya basi la kurudi Usukuma. Nikamwomba padre mwenzangu anionyeshe kitu chochote cha jiji lile ambacho si gari wala ghorofa. Akacheka, akaniambia nitafute viatu vya kutembelea. Kesho yake alfajiri tulipanda daladala hadi Kisarawe, na kabla jua halijawa kali tulikuwa tumekwisha kuingia katika msitu wa Pugu.

Tulitembea hadi jioni. Sisi watu wa mbuga tumezoea kuona mbali: ng'ombe akiwa mwendo wa nusu saa, mtoto mdogo atakwambia ni wa mji gani. Kule Pugu sikuweza kuona hatua kumi mbele yangu. Njia inapanda na kushuka, mizizi imeishika ardhi kama vidole, na katika sehemu nyingine udongo ni mweupe kabisa. Ndio ule wa kaolini ambao uliwahi kuchimbwa katika vilima vile kwa ajili ya vyombo vya kauri. Mwenzangu alinieleza kwamba msitu huu ni masalio tu. Zamani misitu ya namna hii ilienea kwa vipande vikubwa pwani yote, toka kusini mwa Somalia hadi Msumbiji. Humo anaishi komba mdogo sana, komba wa Rondo, ambaye hapatikani mahali pengine duniani ila katika misitu michache ya pwani ya Tanzania. Hatukumwona; yeye hutoka usiku, nasi tulikuwa na miadi ya chakula cha jioni.

Kwa Mkatoliki, Pugu si jina geni. Wamisionari Wabenediktini kutoka Ujerumani walifungua hapo kituo chao cha kwanza mwaka 1888. Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, kituo kilishambuliwa na kuchomwa moto, na watatu kati yao wakauawa. Baadaye ilijengwa shule, na ndipo Mwalimu Nyerere alipofundisha hadi mwaka 1955, alipoacha kazi ili ajitoe kwa siasa. Nilipumzika chini ya mti mmoja mkubwa nikiwaza kwamba huenda kivuli kile kiliwapumzisha watu hao wote.

Lakini si kivuli kilichonikaa moyoni. Mara nne siku ile tulikuta duara jeusi ardhini, na kuzunguka duara hilo visiki vilivyokatwa karibu na ardhi. Ni matanuri ya mkaa. Nilipouliza mkaa huo unakwenda wapi, mwenzangu hakunijibu mara moja. Baadaye akasema, "Unakwenda jikoni. Hata jikoni kwetu, Padre. Mpishi hununua gunia, hatumwulizi lilikotoka." Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Msitu ule ni hifadhi ya serikali, una mipaka na una walinzi, na bado unatafunwa toka kingoni. Kutoka katika vilima hivyo hivyo unaanza mto Msimbazi, unaopita katikati ya jiji hadi baharini. Desemba 2011 mafuriko katika jiji hilo yaliua watu wapatao 40, wengi wakiwa wakazi wa mabondeni. Sisemi kwamba mkaa peke yake ndio uliowaua. Nyumba zilijengwa mahali pa maji. Lakini maji yanayoteremka katika kilima chenye miti hayana mwendo sawa na yale ya kilima kitupu.

Najua mnavyowaza, kwa sababu nami nilikuwa nawaza hivyo hivyo njia nzima ya kurudi: watu wa mjini wanakula msitu wao, sisi wa kijijini tunazo mila. Basi lilipoingia Simiyu nikaanza kuhesabu miti dirishani, na mawazo hayo yakaniishia.

Wazee wetu hawakuwa na hifadhi yenye walinzi. Walikuwa na ngitili. Mvua zinapoanza, sehemu ya malisho inafungwa. Hakuna mnyama wa kuingia. Majani yanakua, miche ya migunga inapata nafasi ya kuinuka, na kiangazi kinapokausha kila mahali, yapata Julai, ngitili inafunguliwa sehemu kwa sehemu. Hakuna uzio. Uzio ni maneno waliyokubaliana watu katika dagashida, na aliyeyavunja alitozwa faini mbele ya wenzake.

Wengi wenu hamkusimuliwa jinsi jambo hili lilivyokaribia kufa. Wakati wa ukoloni vichaka vilifyekwa Usukuma ili kuwafukuza mbung'o. Kisha likaja zao la pamba na kutaka mashamba mapya. Kisha miaka ya 1970 watu wakahamishiwa vijijini na kuziacha ngitili zao nyuma. Serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, mwaka 1986, ngitili zilizojulikana katika Mkoa wa Shinyanga, ambao wakati huo ulikuwa pamoja na Bariadi, Maswa na Meatu, zilikuwa hekta zipatazo 600 tu. Miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Miche ilipandwa, ndiyo, lakini sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kufunga tu, na kungoja. Mizizi ilikuwa hai ardhini.

Kazi hiyo ilifanywa na baba zenu. Leo naona ngitili zinagawanywa kwa urithi hadi kila kijana anabaki na kipande kisichotosha mbuzi watano, naye anakata miti kwa sababu kipande hicho hakina faida nyingine. Kijana mmoja aliniambia wazi, "Padre, gunia la mkaa ndilo ada ya mdogo wangu." Sikuwa na jibu, na sitajifanya kuwa nalo. Yapo na malalamiko mengine ya haki: katika ngitili za watu binafsi mwenye ng'ombe wengi hufaidi zaidi, na mama asiye na hata mbuzi hufukuzwa akiokota kuni. Mila inayomnyima mjane kuni si ya kutetewa kwa sababu tu ni ya zamani.

Na mimi nina deni langu. Mtakumbuka kigango tulichojenga miaka kadhaa iliyopita. Matofali yake tuliyachoma kwa magogo, matanuri mawili makubwa, na magogo hayo tulichangiwa nanyi kwa furaha, kila jumuiya na mzigo wake. Nilibariki jengo lile, wala sikuuliza magogo yalikatwa wapi. Wakati huo waraka wa Baba Mtakatifu Fransisko wa mwaka 2015, Laudato Si', juu ya kuitunza nyumba yetu sote, ulikuwa juu ya meza yangu. Mwenzangu wa Dar es Salaam na gunia lake ni afadhali.

Kwa hiyo naleta ombi, nalo si la mahubiri. Lile eneo la parokia lililo nyuma ya makaburi tulifunge kuwa ngitili kuanzia mvua zijazo. Liwe la wote, si la Padre. Asiye na mifugo aruhusiwe kuokota kuni kavu na kukata majani ya kuezekea kwa siku zitakazopangwa. Faini iamuliwe na wazee, nayo ianze na watu wa parokia. Kigango kinachofuata tujenge kwa matofali ya saruji yasiyochomwa, ingawa najua mhasibu wetu atanitazama vibaya, kwani yatagharimu zaidi na itatubidi kungoja mavuno mengine mawili.

Tutakutana Jumapili baada ya Misa ya pili, chini ya mkwaju. Naomba na vijana wa mkaa waje, wala wasikae nyuma. Wenye mifugo inayolisha katika eneo hilo wana muda hadi mvua za kwanza kuiondoa. Ng'ombe sita wa parokia wataondolewa Jumatatu.

Padre wenu