"Nunua, tulia" ni ushauri wa mwenye kodi imeshalipwa

Wasee, kila mtaalamu wa pesa anatuimbia wimbo mmoja: nunua hisa, tulia, usiuze soko likishuka. Hisa za Safaricom ziliuzwa shilingi 5 mwaka 2008. Mwaka uliofuata zikawa chini ya 3. Waliouza mnawacheka eti 2021 zilipita 40. Lakini huku Mukuru kwa Reuben, mwenye ploti hangoji miaka 13!

Na waliotulia na Kenya Airways je? Hisa zilisimamishwa sokoni Julai 2020 hadi Januari 2025. Hata ungetaka kuuza ulipe karo, wapi!

Mimi nasema hivi: weka kwanza kodi ya miezi mitatu mahali unaweza kuitoa leo. Hisa baadaye. Anayekuambia uvumilie, muulize nani anamlipia nyumba.