Mtoto Asiyetulia: Aanzie kwa Mtaalamu Yupi?

Mama auzaye mitumba katika soko la Kiboriloni hupoteza riziki ya siku nzima kila anapofunga biashara ili ampeleke mtoto hospitali. Mtoto wake akiwa hatulii darasani, hamalizi kazi na amekwisha kuchapwa mara nyingi kwa utukutu, suala la mtaalamu wa kuonwa kwanza si dogo. Akikosea, hupoteza nauli, muda na hatimaye imani yake kwa huduma za afya.

Tatizo la upungufu wa umakini na utukutu uliokithiri, lijulikanalo kwa kifupi kama ADHD, hukadiriwa kuwapata takribani watoto 5 katika kila 100 duniani. Si matokeo ya malezi mabaya wala uchawi. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayolithibitisha. Mtaalamu hutegemea historia: dalili zilizoanza kabla ya umri wa miaka 12, zimedumu angalau miezi 6, na huonekana katika mazingira zaidi ya moja, kama vile nyumbani na shuleni.

Kwa sababu hiyo, safari njema huanza kwa mwalimu. Barua yake fupi, ielezayo anachokiona darasani, ina thamani kuliko vipimo vingi vya gharama. Barua hiyo ipelekwe kwenye kituo cha afya kilicho karibu, ambako tabibu atachunguza masikio, macho, upungufu wa damu, usingizi na kifafa. Mtoto asiyesikia vizuri huonekana mkaidi. Na kifafa cha kuduwaa kwa sekunde chache hudhaniwa kuwa ni kutojali masomo.

Wapo wasemao ni heri kwenda moja kwa moja kwa bingwa. Hoja hiyo inaeleweka, lakini mabingwa wa afya ya akili ya watoto ni wachache, na bingwa asiyepewa historia atalazimika kuanza upya. Mtoto anayepata degedege au anayejidhuru ndiye asiyepaswa kusubiri.

Baada ya hapo, mahitaji ndiyo yaongoze uchaguzi. Daktari wa magonjwa ya akili, au daktari wa watoto mwenye ujuzi huo, huthibitisha tatizo na kuandika dawa inapobidi. Mwanasaikolojia huwafundisha wazazi mbinu za kumwongoza mtoto bila fimbo. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 6, mafunzo hayo hutangulia dawa. Mtoa tiba kwa vitendo humsaidia mtoto kupanga kazi na ratiba zake. Moshi ina bahati: Mawenzi ni hospitali ya rufaa ya mkoa, na KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ni ya kanda na ni mahali pa kuwafundishia watoa tiba kwa vitendo.

Hata hivyo, mzigo wa kuzitambua kada hizi usiachwe mabegani mwa mama. Ni wajibu wa mhudumu wa afya anayeandika rufaa. Maneno “aende Mawenzi” hayatoshi. Rufaa itaje kada inayohitajika, swali linalotakiwa kujibiwa, na yaliyokwisha kuchunguzwa, nayo iambatanishwe na barua ya mwalimu. Dakika kumi za kuandika vema zaweza kumwokolea mama siku kadhaa za soko, na mtoto miaka ya kuitwa mtukutu.