Paka wa hatua tatu



Mama mmoja wa Kirungu alitujia na swali ambalo mwanzoni aliona haya kulitamka. «Pengine mtanicheka,» alisema, «kwa maana habari yenyewe ni ya paka.» Hatukumcheka. Tulipokwisha kumsikiliza, tuliona ya kuwa swali lake lafaa kujibiwa mbele ya nyumba zote.

Paka wa jirani yake alikuwa amezaa watoto watatu. Wawili walikuwa wazima, wakapata wenyewe upesi, kwa kuwa katika nyumba yenye mahindi na karanga paka ni mlinzi. Wa tatu alitetemeka kichwa, alitupa miguu ovyo kama mlevi, na kila hatua tatu alianguka. Jirani akataka kumtupa porini. Mwana wa huyo mama akamleta nyumbani ndani ya shati lake. Baba alipomwona akasema: «Mnyama asiyeweza hata kutembea ana kazi gani hapa? Mrudishe.»

Si neno la ajabu; akina baba wengi wangalilisema. Lakini karibu na mlango alikuwa ameketi binti yao mdogo, ambaye mguu wake mmoja umelegea kwa ugonjwa wa polio. Watu wa jimbo la Tanganyika hawajasahau miaka ya 2022 na 2023, ugonjwa huo ulipowapooza watoto wengi wa kwetu. Mama alimwona binti akivuta kitenge polepole, akaufunika mguu wake. «Tangu saa ile,» alituambia, «sijui nifanye nini. Tumlee, au tumtupe? Tena ugonjwa wake hautawaambukiza watoto?»

Tuanze na ugonjwa. Mtoto wa paka atetemekaye hivi tangu alipoanza kutembea, kwa kawaida hana kifafa, wala hakurogwa. Nyuma ya kichwa pana sehemu ndogo ya ubongo iongozayo mwendo; ndiyo ituwezeshayo kupeleka mkono kinywani bila kukosa. Kuna ugonjwa mmoja mkali wa paka unaoharibu matumbo na damu. Paka mwenye mimba akipatwa nao, waweza kuwafikia watoto tumboni, na kuizuia sehemu hiyo isikue. Ndiyo maana mtoto hutetemeka zaidi akiinamia chakula, na akilala hutulia. Ulemavu huo hauna dawa. Lakini hauumi, hauongezeki kwa miaka, wala haumwambukizi mtu. Akitunzwa vema, paka wa namna hii aweza kuishi muda mrefu kama wenzake.

Lakini angalieni sana tofauti hii. Paka aliyekuwa mzima, kisha akaanza ghafula kuyumba, kutokwa na mate, kulia kwa sauti ngeni au kuuma watu, huenda ana kichaa cha mbwa, ambacho huwapata paka pia. Huyo msimguse, mwiteni daktari wa wanyama. Na mtu akiumwa au akikwaruzwa na mnyama wa kutiliwa shaka, aoshwe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku ile ile. Ugonjwa huo ukisha kuonyesha dalili, karibu kila mara huua.

Sasa, habari za malezi. Asitengwe na mama yake kabla ya majuma 8, ikiwa mama yake bado amkubali. Akija nyumbani, mpeni sanduku lenye nguo kuukuu, mahali pasipo baridi, hasa usiku wa kiangazi. Lakini mbali na jiko la makaa, kwa sababu aangukaye ovyo huweza kuangukia moto. Sakafu ya saruji humtelezesha; tandikeni gunia au mkeka apate kushika kwa kucha.

Chakula chake kitiwe katika sahani nzito isiyopinduka, juu ya tofali, asilazimike kuinama sana. Ndagala waliopikwa bila chumvi wala kitunguu, wakapondwa, wamfaa. Ugali peke yake hautoshi, kwa kuwa paka ni mnyama wa kula nyama. Maziwa ya ng'ombe mara nyingi humharisha. Mpeni maji safi.

Kwa haja zake, wekeni sanduku la mchanga, upande mmoja ukatwe chini aingie kwa urahisi, pande nyingine ziachwe apate kuegemea. Mchanga uchafuke, uondolewe kila siku, na mikono ioshwe kwa sabuni. Mama mwenye mimba asifanye kazi hiyo, kwa sababu mavi ya paka huweza kuleta ugonjwa wa kumdhuru mtoto tumboni. Nje asiachwe peke yake, maana hawezi kumkimbia mbwa. Na panapopatikana chanjo ya kichaa cha mbwa, achanjwe.

Je, ni lazima kumlea? Hapana. Nyumba ambayo watoto wake hawashibi haina kosa ikisema, «Hatuwezi.» Na mnyama aliyeumia vibaya, ateswaye na maumivu yasiyo na tumaini, afadhali daktari amwondolee mateso. Kumtupa porini si kumwondolea mateso, ni kuyaficha tu machoni petu. Lakini tukikataa, tukatae kwa sababu ya kweli. Tusiseme mbele ya watoto ya kuwa asiye na kazi hana mahali.

Mtu si paka, wala hatumlinganishi mtoto na mnyama. Lakini mtoto husikia. Hapimi maneno yetu kama tuyapimavyo sisi. Huyachukua yote, akajiuliza kama nayeye yamo ndani yake. Wazee walinena: hujafa hujaumbika. Kesho twaweza sisi wenyewe kuhitaji sahani iliyoinuliwa na mtu wa kutushika mkono.

Huyo mama alirudi kwake, akazungumza na mumewe faraghani, kama ipasavyo. Alimweleza juu ya kitenge. Baba alinyamaza muda mrefu. Asubuhi alichukua msumeno, akakata upande mmoja wa sanduku la mbao, akamwita binti yake amshikie mbao.

Paka yule bado huanguka, na panya hakamati. Lakini hulala miguuni pa binti, naye binti haufuniki tena mguu wake.